Picha za Meno

Filamu ilihusu mwindaji wa enzi za mapango aliyeokolewa na mbwa mwitu. Mbwa mwitu mwenyewe alikuwa mbwa jike wa mzee mfugaji, aliyemlea kwa chupa tangu hajafumbua macho. Siku ya tatu hawakuigiza. Fundi wa kompyuta alimpiga mbwa picha kila upande: masikio, kucha, hata meno. Machale yakamcheza mzee.

"Meno ya nini tena, mwanangu?"

"Kumbukumbu tu, mzee wangu," fundi akajibu, akiipapasa kompyuta. "Filamu ijayo hutasumbuka kuja. Tutakuwa naye humu ndani."

Mzee alishaona mafundi wengi wakipunguziwa usumbufu namna hiyo hadi wakakosa kazi. Ulikuwa umebaki mkia tu kupigwa picha. Akamvisha mbwa kamba, wakatoka bila kuaga.