Sitaad Haina Watazamaji

Siku yangu ya kwanza kazini sikuimba. Nilifika nyumbani kwa Khalifa, mtaa wa Galbet hapa Garissa, msichana mwenye sauti na majivuno yake, nikaketishwa mkekani pamoja na wanawake wa sitaad. Kwa nyinyi msioijua, sitaad ni dua ya kuimba, ya wanawake. Tunamsifu Mtume, tunawataja mama zetu Hawa na Fatuma, hasa kunapokuwa na mjamzito aliyekaribia kujifungua. Yeye huketi katikati, udi hufukizwa, kiongozi huanzisha na wapokezi humjibu kwa sauti na makofi. Mama aliyekuwa kiongozi wetu ndiye tuliyemwita Khalifa.

"Abaayo, dada yangu, sauti unayo," aliniambia. "Sasa jifunze kumsikiliza huyu aliyeketi katikati. Akichoka, punguza. Akilia, usikatize."

Nikawa mpokezi kwa miaka. Tulikwenda kila tulikoitwa: Diff mpakani, kwa wake za wafugaji, na Kutulo, ambako vumbi lilitukausha makoo hata tukaimba huku bakuli la maziwa ya ngamia likizunguka. Khalifa aliporidhika nami alinikabidhi ngoma, na baadaye akaniachia kuanzisha beti.

Kisha mkurugenzi wa tamasha moja la Ulaya akasikia sauti zetu kwenye simu ya mtu, akatualika. Khalifa alikataa.

"Watatupandisha jukwaani watutazame. Sisi tunaomba, hatutazamwi."

Alibadili nia mwenyewe, asubuhi moja tukinywa chai. "Hata huko wako mabinti zetu," alisema. "Nao wanazaa."

Tulipofika ukumbini, mkurugenzi, mwanamume mpole, alituonyesha mahali pa kusimama chini ya taa. Khalifa akatazama huku na huku, akamuuliza kupitia mkalimani, "Mjamzito yuko wapi?"

Mkurugenzi alidhani mmoja wetu ni mjamzito na anaumwa. Alipoelezwa, akasema, "Mama, mtawaimbia watazamaji."

"Kwani hao wana mimba?"

Khalifa akaketi, akafunga mdomo. Watu walikuwa wameshaanza kuingia. Nilimwona mkurugenzi akijifuta jasho, nikamwonea huruma, lakini nilimjua Khalifa: asingeimba.

Mkalimani wetu alikuwa binti wa Kisomali, Hibo, aliyevaa koti kubwa tangu atupokee. Nilidhani ni baridi. Akamgeukia Khalifa, akasema kwa Kisomali, "Eddo, shangazi yangu, mimi ni mjamzito. Mama yangu yuko kambini Dadaab. Hapa hakuna aliyenisomea sitaad."

Khalifa akamshika mkono, akamketisha kwenye mkeka wetu katikati ya jukwaa. Mkurugenzi akauliza tutaimba kwa muda gani.

"Mpaka atulie," Khalifa akajibu.

Siku hiyo alinipa mimi kuongoza, yeye akakaa karibu na Hibo, kiganja chake mgongoni mwa binti. Hibo alipoanza kulia, nilishusha sauti lakini sikunyamaza. Hakuna mtazamaji aliyepiga makofi mpaka binti alipojifuta uso na kuinuka.

Tulipotoka jukwaani Hibo alimpigia mama yake, akampa Khalifa simu. "Dada, tumemsomea binti yako," Khalifa alisema. Kutoka Dadaab tulisikia kilio tu, kisha dua, kisha kilio tena.

Baada ya hapo miji mingi ilituita. Kila mara, kabla ya kukubali, Khalifa aliomba atafutiwe mjamzito, na kila mara alipatikana. Alipofariki, nikarithi kazi na sharti lake.

Mwaka huu sauti yangu imekatika. Daktari wa hapa Garissa aliniambia nilipumzishe koo, nikamwachia uongozi Nimo, binti wa kaka yangu. Nilifikiri nimejiandaa. Siku nilizokaa nyumbani nilikuwa nikifungulia redio ili nisisikie ukimya.

Alasiri moja wanawake wote wakaingia kwangu bila taarifa, wakatandika mkeka, wakawasha udi.

"Eddo, kaa katikati," Nimo alisema.

"Mimi? Kwa umri huu?"

Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. "Tunajua huna mimba," Nimo akasema. "Kaa tu."

Nikakaa. Akaanzisha, nami kwa mazoea nikafungua kinywa nipokee. Nimo akaniwekea kiganja midomoni, polepole, wakaendelea kuniimbia.