Mchi wa Mkono wa Kushoto

Mwaka huu pepeta ya wifi yangu niliisikia kabla ya kuiona. Nilikuwa nimekaa barazani, hapa kwetu Ifakara, miguu imevimba, na kutoka uani kwake, ng'ambo ya uzio wa matete, ikaja sauti ya michi miwili ikipokezana, tu, tu, tu, tu, bila kukosea. Kwa wifi yangu, mwenye mchi wa pili ni mimi. Ndivyo ilivyokuwa tangu nilipoolewa na kaka yake. Sasa kama mimi niko hapa, kule yuko nani?

Niliinuka nikachungulia. Alikuwa jirani yetu Msukuma, aliyehamia bondeni na mumewe na ng'ombe wao. Pepeta alikuwa haijui. Mimi ndiye niliyemfundisha: mpunga uvunwe ungali mbichi kidogo, ukaangwe chunguni, umwagwe kinuni ukiwa moto, utwangwe na watu wawili haraka haraka mpaka punje zilale bapa. Ukipoa kabla hujamaliza, utatafuna mawe. Nilimfundisha kwa roho safi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Huyu mgeni kaja, na mwenyeji kahamishwa kinuni.

Nilimwonea wivu, na sina sababu ya kulipamba neno hilo. Niliyaonea wivu mabega yake, na jinsi alivyokuwa akitwanga huku anacheka. Mimi nikicheka sana nakosa pumzi.

Moyo wangu hauendi sawa. Daktari anasema vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga, na vya chini vinapokea fujo hiyo na kukimbia ovyo. Mimi nausikia kama kuku ndani ya tenga: unatulia, unapapatika, unatulia tena. Dawa za kupunguza mbio zimenilegeza mimi, kuku zimemwacha na vurugu zake. Ipo na ile ya kuzuia damu isigande, ambayo kwa sababu yake nikijikata kidogo tu kwa kisu cha mboga, nashinda nimekandamiza kidole.

Safari ya mwisho, kule Dar es Salaam, daktari wa moyo, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, aliniamkia vizuri kisha akanieleza njia iliyobaki. Wataniwekea betri ya moyo chini ya ngozi, karibu na bega, halafu watachoma kile kinjia kinachopitisha fujo kutoka juu kwenda chini.

"Kule juu patabaki vilevile, mama, na dawa ya damu utaendelea nayo. Lakini mapigo yatakwenda sawa, na pumzi tunatarajia itakuwa nafuu."

"Na hicho kinjia mkishakichoma, kinaota tena?"

"Hatutegemei kirudi. Kuanzia hapo utaitegemea betri maisha yako yote."

Nikamwambia ngoja nikafikirie. Mwili wangu, halafu moyo usubiri amri ya kibati!

Nilikuwa bado nafikiria siku ile niliposikia michi. Nikauzunguka uzio. Jirani aliponiona akaacha kutwanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete huo mchi."

Wifi alinitazama, akamwaga mpunga wa moto kinuni. Tukaanza. Kwetu anayepoteza mapigo hutoka mwenyewe, hangoji kuambiwa, maana michi ikigongana vidole vinaumia. Mchi wangu uliugonga wake mara mbili. Sikutoka. Ndipo wifi akaanza kunifuata: nikikimbia anakimbia, nikisita anasita. Alikuwa amezoea. Nikakumbuka pepeta yetu ya msimu uliopita, ilivyotoka ngumu, na mimi nikaulaumu mpunga.

"Umeanza lini kunifuata hivi?" nikamuuliza.

"Kabla hata hujaenda hospitali. Ningekwambiaje utoke, wifi?"

Akufukuzaye hakwambii toka. Huyu hata kunifukuza hakunifukuza, alinivumilia, na hilo liliniuma kuliko kufukuzwa. Nikaketi juu ya gunia, kuku anapiga mbawa kifuani. Jirani akaushika mchi, na ile tu, tu, tu, tu ikarudi. Pepeta ya kwanza niliandaliwa mimi, kwenye sahani, kama mgeni. Ilikuwa laini. Nilitamani iwe mbaya.

Niliporudi kwa daktari nikamwambia nimekubali. Akauliza kama naogopa kuitegemea betri. Nikamwambia naogopa sana. Akauliza kama nina swali.

"Inakaa bega gani?"

"Kwa kawaida la kushoto."

"Mimi niwekeeni kulia. Mchi naushika kwa kushoto."

Akacheka. "Tutaangalia, mama. Lakini lolote tutakaloliwekea litapumzika kwanza wiki kadhaa."

"Litapumzika," nikasema. "Msimu umeshapita. Lakini mwakani, yule mwanamke atanirudishia mchi wangu."