Mahindi Choma ya Magdaline

Magdaline Aketch hasahau, na mimi jirani yake hapa Kibera sitaki asahau. Alikuwa akishona yunifomu Kawangware, kwenye maduka yaliyosimamiwa na Naftaly, ajenti wa mwenye ploti. Kupata duka kwa Naftaly ilibidi umpe gudwili, pesa ya kando mbali na kodi ya kila mwezi. Naye mjanja hakuipokea dukani. Aliitisha harambee nyumbani kwake, eti ya kuezeka kanisa lao. Unatoa, jina lako linatangazwa, unapigiwa makofi. Waumini wenyewe hawakualikwa.

Mwaka wa tisini na saba akapata mtu wa kutoa zaidi, akamfukuza Magdaline. Siku tuliyopakia cherehani kwenye mkokoteni, alisimama kando akila mahindi choma, akitucheka. Mshenzi yule!

Halafu watu wa ushuru wakamwandama. Walisema gudwili ni mapato yake, ndiyo iliyojenga ile nyumba yake ya Riruta, na hajailipia ushuru hata shilingi. Akaja mbio Kibera kwa Magdaline, kofia mkononi.

"Mama Brandon, nisaidie. Waambie tu ilikuwa ya kanisa. Hiyo duka nitakurudishia."

"Sawa. Nitasema hivyo hivyo," Magdaline akajibu.

Nilitaka kumzaba kofi. Akanikonyeza.

Naftaly alichagua kikao cha kuhojiwa na watu wa ushuru kifanyike kanisani, siku ya kazi, akijua hakutakuwa na mtu. Lakini Magdaline alikuwa ameshapitia kwa Wacera, mwenyekiti wa akina mama, na wote walikuja. Afisa wa ushuru alipouliza, Magdaline alisimama, sauti tamu kabisa.

"Ni ukweli, hiyo pesa si ya Naftaly. Yote ni ya kanisa. Sisi watu wa maduka tulimpa aishike tu."

Wacera akatazama juu, kwenye turubai lililokuwa likifanya kazi ya mabati.

"Kumbe mabati yetu iko na wewe, Naftaly? Basi lete. Leo."

Akina mama wakainuka, wakamzunguka.

"Haikuwa ya kanisa!" akapiga kelele. "Ilikuwa yangu!"

Afisa akaandika.

Duka Magdaline hakulipata. Lakini siku Naftaly alipohama, nyumba imeuzwa kulipa ushuru, Magdaline alivaa nguo yake ya Jumapili, akanivuta hadi Riruta. Vitanda vilikuwa vikipakiwa kwenye mkokoteni. Akanunua mahindi choma, akasimama mahali ambapo Naftaly angemwona vizuri, akala polepole mpaka akabaki na gunzi.