Neno la Ziada Katika Habari za Dhahabu

Nilikuwa natafsiri kitabu cha shule kuhusu watu waliokimbilia dhahabu kaskazini ya mbali, huko Kanada, ambako mito huganda miezi mingi ya mwaka. Chumba changu cha mtaa wa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, kina giza hata mchana, kwa hiyo kazi niliifanyia kwa jirani, mama fundi cherehani kutoka mashariki mwa Kongo. Yeye alishona, mimi nikamsomea kurasa nilizomaliza, nisikie kama Kiswahili changu cha Kenya kinamwingia.

Nilipofika pale walipopanda mlima wa theluji na chakula cha mwaka mzima, wakishuka na kupanda tena kufuata mizigo iliyobaki, alicheka. Nilipofika kwa wenyeji walioondolewa mahali walipovulia samaki, aliguna: "Ni vile vile kila mahali."

Kisha nikasoma kwamba wengi walifika wakakuta kila kijito kina mwenyewe. Hawakuchimba. Walizunguka mjini kwenye matope mchana kutwa, wakiona aibu kurudi nyumbani.

Cherehani ikanyamaza.

"Soma tena pale, dada."

Nikasoma.

"Aibu? Wameandika aibu?"

"Ndiyo, mama."

Ndipo akanieleza habari za mumewe, ambaye sikuwahi kumsikia akimtaja. Alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu akamwacha na mtoto mchanga. "Watu walimuona sokoni kule, anatembeatembea tu, hashiki hata sururu. Wakaniambia amepata mwanamke. Nikaamini, nikakuja huku."

Akatoka uani na simu. Kupitia dirisha nilimsikia: "Mama mkwe, ni mimi."

Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu.

"Alishakufa," akasema. "Alirudi kwa mama yake akiwa mgonjwa. Nimeuliza kama kulikuwa na mwanamke. Mama amelia tu, hakujibu." Akavuta kiti. "Basi ilikuwa aibu, dada. Si ndiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Chumbani nilikifungua kitabu chenyewe. Kilisema walizunguka mjini, basi. Aibu haikuwamo. Niliiweka mimi, wala sikumbuki lini. Labda ni kwa kuwa nami sijakanyaga nyumbani tangu nilipoacha masomo ya chuo huko Braamfontein, mjini humu humu, na nikipigiwa simu husema kazi imenibana.

Nikalifuta lile neno, nikauchapa ukurasa upya. Kazi ni kazi.

Asubuhi aligonga mlango. Binti yake sasa ni mkubwa, anaishi Midrand, si mbali na hapa, na alitaka kumpelekea ukurasa ule. "Kiswahili anasoma polepole, lakini hapo ataelewa."

Nilikuwa na karatasi mbili mezani, ya jana yenye neno lile, na mpya isiyo nalo. Nilizishika zote mbili, yeye akiwa amesimama mlangoni ananingoja. Nikampa ya jana. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani, akaniombea baraka. Nilirudi kuketi, nikashindwa kutafsiri hata mstari mmoja siku ile.