Gauni la Odilia na Safari ya Biharamulo

Nianze na sababu ya kutoka, maana hapa Murukulazo mmeshasema mengi. Wengine eti nilimpeleka mjukuu kwa mganga, wengine eti nilikwenda kumtupa kwa mama yake Kahama. Nilimpeleka kwa daktari. Mwalimu wa darasa la tatu aliniita akaniambia ameshindwa na Odilia. Hakai. Anatokea dirishani na mlango uko wazi. Swali la mwenzake analijibu, la kwake analiruka. Mwalimu hakunifokea, alikuwa amechoka kama mimi, watoto wamemjaa mpaka sakafuni. Alisema nikae naye nyumbani kwanza mpaka nilete neno la daktari. Na mimi najua mtoto wa kike akishakaa nyumbani huku kwetu amekaa. Leo anachunga mbuzi, kesho ana mume.

Nyumbani ni hivyohivyo. Nikimtuma maji, ndoo naikuta njiani, yeye yuko juu ya mparachichi. Siku moja sokoni Kabanga alinichoropoka akamfuata mtu wa kubadilisha fedha, kisa amependa anavyochezesha noti vidoleni. Nilimkuta kwenye kizuizi cha mpaka anamuuliza askari Burundi inaanzia wapi hasa. Nilimchapa. Kesho yake akatoroka tena.

Kituoni kwetu tabibu alishaniambia magonjwa ya namna hiyo ni Mwanza. Alivyoitamka, ungedhani Mwanza iko nyuma ya shamba langu la mihogo. Ndipo mdogo wangu Spesioza, aliyeolewa Biharamulo, akanipigia simu. Alisema kwao kuna daktari wa kawaida tu, huyuhuyu wa malaria, vidonda na wajawazito, lakini watoto wa namna ya Odilia anawajua, hakimbilii kumtuma kila mtu Mwanza.

Asubuhi ya safari nilimvalisha gauni jipya la bluu nililolishona kwa mkono wangu, upindo mpana, ili akirefuka nilishushe. Nilikuwa na dumu la rubisi, maana kwa ndugu huendi mikono mitupu. Pikipiki ilitufikisha Ngara mjini, tukapanda gari dogo la kwenda Benaco. Mgongo wangu ulianza kuuma kabla hata hatujatoka stendi.

Kabla ya Benaco Odilia alitaka kujua kwa nini dumu linaguna. Pombe ya ndizi ikitikiswa inaguna, kila mtu anajua, na kila mtu anaacha kizibo kilipo. Yeye alikifungua. Rubisi iliruka mpaka kwenye dari la gari, iliyobaki ikamshukia baba mmoja aliyevaa suti anakwenda kwenye kipaimara cha mtoto wake. Watu walicheka, yeye hakucheka. Aliniuliza huyu mtoto nimemlea au nimemfuga. Nilifuta suti ya watu kwa kitenge changu huku nanuka kama kilabu.

Kutoka Benaco mbele, malori ya Rwanda yameila lami mpaka imebaki vipande. Tulipita upande wa Lukole, ambako wakati wa wakimbizi nilikuwa napeleka mikungu ya ndizi kichwani, kwenda na kurudi, na jioni bado nalima. Sasa nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti na nilichoka kuliko siku zile. Nyakahura tulinunua mahindi ya kuchoma. Lusahunga tulibadilisha gari. Kila tuliposimama nilimshika Odilia mkono kama mtu anayemshika jogoo asiruke.

Jioni tulifika kwa Spesioza. Alilitikisa dumu, akasikia limebaki tope. "Dada, umeniletea rubisi au umeniletea harufu?" Nikamwambia amuulize mjukuu wake. Alimkumbatia Odilia akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuwa na kicheko. Nilimwambia kesho huyu mtoto hataniaibisha, nitahakikisha.

Kesho yake asubuhi nilihakikisha. Nyinyi mnajua tunavyompeleka mtoto mbele ya mtu mkubwa. Anaogeshwa, anapakwa mafuta mpaka magotini, anafundishwa shikamoo, anaambiwa mikono mapajani na mdomo ufungwe. Nilichuma fimbo nyembamba nikaitia kwenye mfuko, nikamwonyesha mara moja tu. Nikamwambia, ukikaa vizuri kwa daktari utarudi shule.

Hospitalini tulisubiri kwenye benchi mpaka jua likaingia barazani. Daktari alikuwa kijana mnene, miwani imeteleza puani. Odilia alimwamkia vizuri, akaketi, akatulia kama sanamu ya kanisani. Moyo wangu ukajaa. Daktari akaniuliza, kazi anazianza na kuzimaliza? Nikasema anamaliza. Anapoteza vitu? Hapotezi. Anasikia akitumwa? Anasikia sana, ni mtoto wa adabu. Jamani, mtu hujamjua, ana kalamu mkononi, umwanikie aibu za mjukuu wako? Kwetu mtoto husifiwa mbele ya wageni. Ulimi ulikwenda wenyewe.

Daktari aliweka kalamu chini. "Bibi, huyu ni mzima. Umetoka Ngara yote hiyo kuja kunisalimia?" Nikamshukuru, tukatoka.

Barazani Odilia alinivuta kitenge. "Bibi, nimekaa vizuri? Kwa hiyo kesho narudi shule?"

Nikamtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka kama mtu aliyetoka kutwanga. Nikatazama chini, nikaona gauni. Upindo wote ulikuwa umefumuliwa. Muda ule alioketi kama sanamu, vidole vyake chini ya meza vilikuwa vinachomoa uzi, mshono mmoja baada ya mwingine, kuzunguka gauni zima, na uzi ameuviringisha ngumini. Alikuwa ametulia kwa nguvu zake zote, na nguvu hizo ndizo zilikuwa zimeisha. Na mimi nilikuwa nimemrudisha nyumbani kwa mdomo wangu, mzima, bila neno la kumpa mwalimu.

Niligeuka nikaingia tena bila kubisha. Mama mmoja kwenye foleni alisema, huyu bibi ana hospitali yake? Ndani kulikuwa na mgonjwa mwingine, mzee, akanisogezea nafasi kwa huruma, labda alidhani nimefiwa. Niliinua gauni la Odilia nikamwonyesha daktari.

"Nimekudanganya," nikasema. "Hamalizi. Hakai. Anapoteza mpaka ndoo. Nimemchapa mpaka nimechoka, na haachi."

Hakukasirika. Alisema, "Kila bibi siku ya kwanza ananiletea malaika. Watoto wenyewe wanabaki nje ya geti." Mzee alipomaliza, tulianza upya, na safari hii nilisema yote, hata ya suti. Akampigia simu mwalimu wetu pale pale, wakazungumza sana. Akampima Odilia moyo na uzito, masikio na macho. Ugonjwa aliutaja kwa jina refu ambalo ulimi wangu haukulishika. Alichonieleza nilikishika. Si jini, si ukaidi, si malezi yangu. Kichwa chake kinapokea kila kitu kwa pamoja, hakichagui, na mtoto wa hivyo anaweza kutulia kidogo mahali pageni akiogopa, kisha inamgharimu. Nimtume jambo moja kwa wakati. Mwalimu amweke mbele, ampe kazi fupi, amtume chaki aruhusiwe kunyanyuka. Fimbo niiache.

Dawa ipo, alisema, lakini haipatikani kila mahali, na haitolewi bila kumfuatilia mtoto. Atashauriana na mwenzake wa Mwanza kwa simu, mimi sina haja ya kwenda. Kisha akampigia tabibu wa kituo chetu. Nilimsikia akimwambia: "Wewe mpime uzito na presha kila mwezi, unieleze. Mengine tutasaidiana. Bibi huyu asiwe anazunguka."

Njiani kurudi, Odilia alilala mapajani kwangu kutoka Lusahunga mpaka Benaco, uzi bado ngumini. Fimbo niliitupa Nyakahura, mbuzi akaila majani.

Sasa tupo. Odilia yuko darasani, benchi la mbele, na bado kuna siku mwalimu anashindwa naye. Dawa bado tunaisubiri. Nimechoka, sitaficha. Lakini nililojifunza ni hili, na mwenye mtoto wa hivyo anisikie: sifa za mjukuu wako wapelekee majirani. Daktari mpelekee matatizo.

Mwezi uliopita tulikwenda kituoni kupima. Tabibu alitazama gauni la bluu, nyuzi zinaning'inia, akasema, "Bibi, wewe fundi mzima umekosa uzi?"

Nikamwambia uzi ninao. Gauni hili ndilo analovaa tukija huku, nisije nikamsifia tena.