Shombo Kasusia Samaki

Mimi nakaanga mihogo hapa Pongwe, ubavuni mwa Bi Tausi mkaanga samaki, kwa hiyo msinisimulie, nilikuwapo. Paka wake, Shombo, ndiye aliyemvutia wateja. Kila jioni alikaa chini ya meza akitafuna vichwa vya vibua, na watu wakimwona nao wanaingiwa na hamu.

Basi Shombo akaugua. Akakataa vichwa, akakataa minofu, hata maziwa akayageuzia uso. Mate yanamchuruzika, mbavu zote nje. Badru fundi baiskeli, domo kaya yule, akasimama mbele ya karai akapaza sauti: "Paka mwenyewe kawakataa samaki hawa, sisi tule tuna wazimu?"

Ala! Neno lile lilitembea kuliko baiskeli zake zote. Wateja wakahamia kwingine, na samaki waliovuliwa asubuhi ile ile wakabaki wanapoa.

Wengine wakamshauri Bi Tausi amtie paka guniani akamtupe Muheza. Mimi nikamwambia, "Dada Tausi, mfiche uani tu hadi apone. Watu watasahau."

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Chiku, nilipougua kifua kikuu, mawifi zangu walinificha chumba cha uani wageni wasinione. Sahani wananisukumia kwa mguu. Aliyekuwa akilala nami ni nani?"

Ni Shombo, nani mwingine?

"Basi hapa hafichwi mgonjwa. Asiyetaka samaki wangu na apite, njia si yangu."

Akamfunga kwa khanga, akampeleka kwa daktari wa mifugo Usagara. Kumbe jino limeoza, kinywa vidonda vitupu. Kula anataka, ila kunamuuma. Akang'olewa jino, akapigwa sindano, na daktari akaonya kuwa asipotiwa kitu tumboni atakufa kwa njaa.

Tangu hapo Shombo akawekwa juu ya kreti, mbele kabisa, kila mpita njia amwone. Bi Tausi anachemsha supu ya samaki changu bila chumvi, anamtilia kinywani kwa bomba la sindano. Shombo anatema, yeye anafuta, anarudia. "Tema! Supu ninayo. Tutaona nani atachoka mwanzo." Wallahi mimi niliogopa, nikaona tunalisha maiti.

Jioni moja akampelekea mnofu kwenye kidole. Shombo akanusa. Akalamba. Akautwaa mnofu, akaumeza! Nilipiga vigelegele hadi mihogo yangu ikaungua.

Watu wakajaa kutazama, Badru naye yumo, sahani mkononi. "Bi Tausi, nipe changu wawili."

Karai limejaa. Bi Tausi hakuinua hata uso, anachambua miba ya changu mkubwa kuliko wote. "Ngoja mgonjwa ale."

"Nina njaa, Bi Tausi."

"Njaa unaijua wewe? Ngoja."

Akangoja. Mbele ya watu wote, na sahani yake tupu, mpaka Shombo alipomaliza kujilamba masharubu.