Fundi wa mipini aliyesahau kujipima mkono

Saa moja asubuhi, sokoni Karatu, Martini anamwambia mteja anyooshe mkono. Anaupima kwa kamba kutoka kwapani hadi ncha za vidole, kisha anachagua mti wa kuchongea mpini wa jembe.

"Ukilimia mpini wa jirani, mgongo utakuuma," anamwonya. "Jembe ni la dukani, mpini ni wa mwili wako."

Martini ni mkulima wa kijiji cha Buger mwenye umri wa miaka sitini na sita, na kwa miaka thelathini amechonga mipini. Jumapili hupiga gita la besi katika kwaya ya kigango chao.

Mwaka jana bega la kushoto lilianza kumuuma, na vidole vikawa havifiki kule mwisho wa shingo ya gita. Remigius, kiongozi wa kwaya, hakumung'unya maneno: asipoweza kupiga misa nzima akiwa amesimama, siku ya jubilei ya kigango besi itapigwa kwa kinanda.

"Kinanda hakina bega," alimwambia.

Maneno yalimchoma Martini. Akaenda Arusha kununua gita jipya. Eliaichi, mwenye duka, akamshushia la shingo fupi, jepesi.

"Hilo wape watoto wa kipaimara," Martini akajibu. Akaanza kuyanyanyua magita mengine moja moja, kama anayenunua mbuzi mnadani, akachukua lililokuwa zito kuliko yote. Mpini mmoja huuzwa shilingi elfu tano. Gita lile lilimeza mipini mia moja na kumi.

Jumapili iliyofuata, katikati ya wimbo wa Utukufu, besi ilinyamaza ghafla. Waumini wakadhani umeme umekatika, kumbe mzee ameketi, anasugua bega.

Nyumbani, mkewe Leonida hakumpa hata nafasi ya kuvua koti.

"Baba Eva, Karatu nzima umewapima mikono. Wewe ulijipima nini, kiburi?"

"Hapo alinipata," anakiri Martini huku akicheka. "Nikachukua kamba yangu."

Jumatatu alirudi dukani na gita zito mgongoni. Alijipima mkono mbele ya wanunuzi, akatandaza kamba juu ya kila shingo. Kamba ikamrudisha kwenye gita lile lile la watoto wa kipaimara. Aliketi nalo, akasimama nalo, akainama kama anayefunga viatu. Bega halikulalamika.

"Mzee wangu, si ndilo nililokupa mwanzo?" Eliaichi akauliza, akakubali kubadilishana.

Kwenye mazoezi, Penina wa sauti ya kwanza alilitazama sana.

"Babu, lile kubwa limezaa?"

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Martini alipiga nyimbo kumi na mbili mfululizo bila kukaa, na kufikia wa nane hakuna aliyekuwa anacheka tena. Remigius alimwashiria mpiga kinanda aondoe mkono wa kushoto, amwachie mzee besi yake. Martini anasema machozi yalimlenga, akasingizia vumbi.

Jubilei ni mwezi wa nane. Kila jioni, akifunga kibanda, anafanya mazoezi kwa saa nzima, amesimama.

"Nataka wimbo wa mwisho unikute kwa miguu yangu," anasema. "Nitakaa pilau ikifika."